Kisu Kilichopangiwa Siku Kisiikute Nyumba Imelala

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliambiwa kliniki kwamba mtoto wake amelala kimshazari tumboni, na kwamba asingoje uchungu, bali alazwe ili apasuliwe siku ya Alhamisi. Alirudi nyumbani amejiinamia. Mama mkwe wake akasema kuwa wanawake wa ukoo ule hawazai kwa kisu. Mumewe, ambaye ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku, akasema shauri hilo lingoje mshahara.

Uchungu haukungoja. Ulimshika Jumatano usiku wa manane, na majirani wakaanza kugongeana milango wakitafuta gari. Namshukuru Mungu kwamba mama na mwana walipona. Lakini kazi iliyokuwa ifanywe mchana kwa utulivu ilifanywa usiku kwa pupa, na hapakuwa na ndugu hata mmoja aliyekwisha kuchangia damu.

Ndugu msomaji, faida kubwa ya upasuaji uliopangwa ni muda. Jamaa wakiupoteza muda huo kwa ubishi na aibu, wanaigeuza kazi iliyopangwa kuwa ajali.

Tuanze na hiyo aibu. Kumpasua mzazi si jambo geni katika nchi zetu. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Kahura, Bunyoro, waganga wa kienyeji wakimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Walitumia pombe ya ndizi kumlevya na kuosha mikono na tumbo lake, na chuma cha moto kuzuia damu. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga. Basi mama anayezaa kwa kisu hakushindwa kuzaa. Amezaa kwa njia nyingine.

Hata hivyo, kisu si cha kila mzazi. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna sababu ya nchi yoyote kupasua zaidi ya wazazi 10 hadi 15 katika kila 100. Kwa hiyo mama na mumewe wana haki ya kumwuliza daktari: sababu ni nini? Huenda kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto, au mama ana makovu ya upasuaji uliopita. Waulize pia tarehe. Pasipo sababu ya kuharakisha, aghalabu hungojwa wiki ya 39, maana mtoto anayetolewa mapema zaidi huweza kupata shida ya kupumua.

Tarehe ikijulikana, kila mtu nyumbani apewe kazi. Mama aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu, na apimwe damu na kundi lake. Ndugu wawili au watatu waende kuchangia mapema. Hata wasipokuwa wa kundi lake, damu yao huongeza akiba. Baba aulize gharama, atenge nauli, na atoe taarifa kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania ilimpa mama likizo ya siku 84, na baba siku zisizopungua 3 ndani ya wiki ya kwanza. Shangazi au wifi apangwe kulala na watoto waliobaki.

Jioni ya kuamkia siku hiyo mama aoge kwa sabuni. Asijinyoe kwa wembe nyumbani, kwani mikwaruzo midogo huwa mlango wa vijidudu. Avue pete na mikufu, afute rangi ya kucha. Kwa kawaida chakula hukomeshwa saa 6 kabla ya upasuaji, na maji matupu saa 2 kabla. Lakini afuate amri ya hospitali yake. Wale wanaomletea uji kwa siri kwa kumhurumia wanamponza, kwa kuwa kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Siku hizi wazazi wengi hawapewi nusu kaputi. Huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, wakabaki macho na kusikia mtoto akilia. Huwekewa dripu na mpira wa mkojo. Mtoto akiwa salama, anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza.

Baada ya hapo kazi ya jamaa ndiyo kwanza inaanza. Mama asaidiwe kusimama na kutembea mapema, ili damu isigande miguuni. Kwa wiki 6 asibebe ndoo wala kitu kizito kuliko mtoto wake. Homa, usaha, damu nyingi au mguu mmoja kuvimba ni amri ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Mimba nyingine isiingie kabla ya miezi 18, na uzazi utakaofuata ufanyike hospitali, kwa sababu kovu lile huweza kufumuka wakati wa uchungu.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini maandalizi yake si ya mzazi peke yake. Mama anayeingia chumba cha upasuaji huku akijua kwamba damu ipo, watoto wamekula na mumewe yuko mlangoni, huingia na moyo mwingine kabisa.