Jicho Jekundu: Maswali Matatu Kabla ya Kuulizia Dawa

Januari 2024, Wizara ya Afya ya Tanzania ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu, Dar es Salaam ilikuwa imeshajaa miwani myeusi, kuanzia kwenye daladala hadi maofisini. Muda si mrefu Mombasa nayo ikaupata. Ugonjwa ulisababishwa na virusi, na kwa kawaida macho ya namna hiyo hupona yenyewe. Lakini kila mlipuko huja na matabibu wake wa mtaani: huyu anakwambia utie chai ya rangi, yule maji ya chumvi, mwingine maziwa ya mama, na hakosekani anayesema mkojo wa asubuhi. Wakati mwingine jicho huharibiwa na tiba, si ugonjwa.

Weupe wa jicho umefunikwa na utando mwembamba wenye vimishipa vingi vya damu. Utando huo ukichokozwa, iwe ni kwa moshi wa kuni, vumbi la bodaboda, virusi au kucha ya mtoto, vimishipa hutanuka na jicho huwa jekundu. Kwa hiyo wekundu peke yake hausemi ugonjwa ni upi.

Kabla ya kuuliza dawa gani inafaa, jiulize mambo matatu. Jicho linauma kwa ndani, au linawasha na kukereketa tu? Mwanga unalichoma kiasi cha kushindwa kulifungua? Je, linaona kama kawaida? Hili la tatu lipime: ziba jicho zima kwa kiganja, kisha soma kalenda iliyo ukutani kwa lile jekundu, ukivaa miwani yako ikiwa unayo. Kama haliumi, halichomwi na mwanga na linasoma vizuri, kuna nafasi kubwa kwamba tatizo si la kutisha.

La virusi huanza jicho moja, na baada ya siku chache hufuata la pili. Machozi hutiririka, na unahisi kama mna mchanga ndani. Huisha katika wiki moja hadi mbili, wakati mwingine tatu. La bakteria hutoa tongotongo zito la njano au kijani, na asubuhi kope zinakuwa zimegandana. La mzio huwasha mno, kwa kawaida macho yote mawili, na huwasumbua sana watoto, ambao kadiri wanavyoyapikicha ndivyo yanavyozidi kuwasha. Kuna pia doa jekundu la damu iliyovilia, ambalo hutokea ghafla baada ya kukohoa au kutapika, au bila sababu inayojulikana. Linatisha kwenye kioo, ila haliumi, na hufifia lenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Likijirudia, kapime presha.

Huduma ya nyumbani haina gharama kubwa. Chemsha maji, yaache yapoe, chovya pamba safi, kisha futa kuanzia upande wa pua kwenda nje. Pamba ikishafuta mara moja, itupe, na kila jicho liwe na pamba yake. Kitambaa safi cha maji baridi juu ya kope zilizofumbwa hupunguza mwasho na uvimbe. Anayevaa lenzi azivue, na wanja usubiri. Nawa mikono kwa sabuni kila unapogusa uso. Taulo, mto na kanga ya kujifutia visiwe vya familia nzima.

Duka la dawa ndipo penye mtego. Mteja anaonyesha jicho, muuzaji anatoa kichupa, na kesho yake wekundu umetoweka. Geuza kichupa hicho usome maandishi madogo: ukikuta dexamethasone, betamethasone au prednisolone, hiyo ni steroidi. Huondoa wekundu haraka, lakini kama jicho lina kidonda cha fangasi au virusi vya herpesi, huvipa nafasi ya kulitafuna kimyakimya. Ikitumika kwa muda mrefu bila daktari, huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Viuavijasumu navyo haviui virusi, hata ukitia matone kila saa.

Jicho linalouma, linalokimbia mwanga au lililopungua kuona ni la hospitali, siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukiona doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho, hasa kwa mkulima aliyechomwa na jani la mpunga au muhindi. Maumivu makali yanayoambatana na kichwa kuuma, kutapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa huweza kuwa presha ya macho iliyopanda ghafla. Fundi wa kuchomelea asiyevaa kinga huenda akalala salama, kisha usiku akaamka macho yakiwaka. Na aliyerukiwa na chembe ya chuma asijaribu kuichokonoa kwa njiti au ncha ya leso.

Jicho likiingiwa na chokaa, saruji au maji ya betri, usianze kutafuta usafiri. Fungua bomba au chukua ndoo, miminia maji safi mfululizo kwa nusu saa huku kope zikiwa zimeshikwa wazi, ndipo uende. Na mtoto ambaye hajatimiza mwezi, macho yakivimba na kutoa usaha, hana muda wa kusubiri: huenda aliambukizwa kisonono au klamidia wakati wa kuzaliwa, na kisonono huweza kumpofusha ndani ya siku chache.

Sasa fungua kabati. Dawa nyingi za macho za matone hazipaswi kutumika zaidi ya wiki nne tangu zifunguliwe, na ncha ya kichupa iliyowahi kugusa jicho la mgonjwa hubeba vijidudu vyake. Kile kilichobaki tangu mwaka jana kitupe leo, kabla jirani hajaja kukiazima.