Nani Amekupa Jina? Kutoka Kigego hadi Simba Mwene

Katika semina zetu jina la mhusika huchukua dakika mbili tu. Mwalimu anauliza, "Karama katika Kusadikika ana maana gani?" Mmoja wetu anajibu kwamba karama ni kipaji, na Majivuno, bila shaka, ni mtu wa kujivuna. Sote tunaandika "majina ya majazi" chini ya kichwa cha fani, basi, tunahamia dhamira. Nami nimefanya hivyo tangu mwaka wa kwanza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dakika mbili hizo hazitoshi, na ushahidi wangu nautoa nyumbani, Lushoto.

Kilichonizindua ni ubatizo. Likizo iliyopita dada yangu aliniomba niwe msimamizi wa mwanawe wa kike kanisani, tena akaniachia kazi ya kupendekeza jina. Kazi gani hiyo! Bibi alitaka jina la Kishambaa, la marehemu mama yake. Shemeji akataka la kwenye Biblia. Dada mwenyewe akataka jina ambalo walimu hawatalikosea. Mtoto amelala zake, huku watu wazima watatu wanamdai, kila mmoja kwa jina lake. Hapo nikajiuliza: jina lina nguvu kwa sababu ya maana yake, au kwa sababu ya anayelitoa na wanaoliitikia?

Hebu tuanze na mji wenyewe. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao Wilhelm wa Pili. Huko Mlalo nako, wamisionari waliofika mwaka 1891 walikiita kituo chao Hohenfriedeberg. Majina hayo yalikuwa na kila kitu: ramani, barua, mihuri. Utawala wa Kijerumani ulipong'olewa katika Vita Kuu ya Kwanza, yakang'oka nao. Tulibaki na Lushoto na Mlalo.

Lakini msomaji asiharakishe kusema kwamba jina linalohusiana na mgeni hufa daima. Karibu na Soni pako mahali panapoitwa Sakharani. Alilima hapo Tom von Prince, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyewahi kupigana na Mkwawa. Sakarani lilikuwa jina lake la utani, nalo ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu: mtu aliyelewa. Maelezo ya kawaida ni kwamba alipigana kama mtu aliyelewa vita. Aliuawa Tanga mwezi Novemba 1914. Leo mahali pale ni pa watawa Wabenediktini, na bado panaitwa Sakharani. Kaisari aliyepewa bonde zima na maofisa wake ametoka midomoni mwa watu, ila ofisa aliyeitwa mlevi amebaki mlimani mpaka leo!

Tena kuna ua. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alikusanya katika milima yetu mmea mdogo wenye maua ya zambarau, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akauita Saintpaulia ionantha. Ua lililoota Usambara likabatizwa kwa jina la bwana aliyelituma kwao. Jina hilo lilidumu kwa sababu wenye vitabu na wauza maua waliliitikia. Hata hivyo mwaka 2015 wataalamu wa mimea waliuingiza rasmi mmea huo katika jenasi ya Streptocarpus. Kumbe hata jina la Kilatini linahitaji watu wa kuendelea kulikubali.

Sasa turudi kwenye fasihi. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia habari za Mbegha, mwindaji kutoka Nguu. Kwao aliitwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Neno hilo moja lilitosha kumnyima urithi. Akakimbia, akafika Usambara, akawaulia watu nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao, akawagawia nyama. Alipokuwa njiani kwenda Vuga aliua simba, na watu wakampa jina jipya. Mfalme wa Kikilindi akawa anaamkiwa "Simba Mwene". Meno yake ni yale yale, mkuki wake ni ule ule. Waliobadilika ni wale wanaomwita. Kwa hiyo tukisema tu kwamba simba ni ishara ya nguvu, tumeiacha hadithi mlangoni. Kiini chake ni kwamba jamii moja ilimtoa mtu kwa jina, na jamii nyingine ikampokea kwa jina.

Ndiyo maana napendekeza tuongeze maswali matatu katika uhakiki wetu: nani ametoa jina, nani analiita, na nani analikataa? Tulijaribu kwa Kusadikika. Mbele ya mfalme, Waziri Majivuno anamwita Karama mkosaji. Msomaji, kwa upande wake, ameshaambiwa na Shaaban Robert kwamba mtu huyu ni Karama. Mahakama ina jina lake, mwandishi ana jina lake, na kesi nzima ni ugomvi wa majina hayo mawili. Sasa hapo jina ni fani au ni maudhui? Mimi naona mpaka wenyewe unaanza kuyumba.

Labda mtu atasema nimelikuza mno jambo dogo. Na aje Lushoto siku ya ubatizo. Mchungaji alipouliza jina, nilitaja mawili, la Biblia na la mama yake bibi, maana sikuwa na ujasiri wa kuchagua. Cheti kina yote mawili. Bibi hajawahi kulitamka lile la kwanza, na shemeji hatamki la pili. Mtoto sasa anaanza kugeuza kichwa akiitwa. Nilipokuwa naondoka kurudi chuoni bibi aliita, naye akageuka. Shemeji alikuwa amesimama pale pale.

Wenzangu wa semina, nijibuni katika toleo lijalo.