Usugu wa Seli za Saratani: Neno na Maana Yake

Miongoni mwa rasimu zilizotufikia ili zisanifiwe ni kijitabu cha wagonjwa wa saratani chenye sentensi hii: "Dawa ikiacha kufanya kazi, ujue mwili wako umeizoea." Kiswahili chake ni safi, ila maelezo yake si kweli, na mgonjwa aweza kuyafuata hata akajidhuru. Akiamini kwamba mwili umezoea, ataona ni busara kuruka dozi moja au mbili ili mazoea yamtoke. Kwa hiyo yafaa tulieleze jambo lenyewe kabla ya kulichagulia neno.

Uvimbe wa saratani una seli mamilioni kwa mamilioni. Kila seli inapogawanyika hunakili jeni zake, na katika kunakili huko hutokea makosa. Aghalabu kosa halina athari. Mara chache huiangukia jeni inayohusika na kazi ya dawa. Seli yenye kosa hilo yaweza kuwapo hata kabla mgonjwa hajapewa dawa. Dawa ikiingia, seli nyingine hufa, nayo hubaki na kuongezeka. Mkulima anyunyiziaye dawa ile ile ya magugu msimu hata msimu hulijua jambo hili: gugu moja lisilokufa ndilo litakalojaza shamba.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa lukemia moja ya mieloidi. Katika ugonjwa huo vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana mahali, ikazaliwa jeni ya mseto iitwayo BCR-ABL, ambayo protini yake huiamrisha seli igawanyike bila kikomo. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, hujipachika katika kishimo cha protini hiyo na kuizima. Mwaka huo huo watafiti walieleza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa waliorudiwa na ugonjwa, herufi moja tu ya jeni ilikuwa imebadilika: mahali pa 315 katika protini, threonini imetoka na isolusini imeingia. Dawa hukosa pa kushika. Ponatinibu, iliyoidhinishwa huko huko mwaka 2012, iliundwa ili ikiepuke kizuizi hicho.

Ziko njia nyingine. Seli yaweza kuzidisha nakala za jeni ya kimeng'enya kinacholengwa na methotreksati, hata dawa isitoshe kuvizuia vimeng'enya vyote. Au huzidisha pampu iliyo katika utando wake, iliyoelezwa na Juliano na Ling nchini Kanada mwaka 1976, nayo huzitapika nje vinkristini, doksorubisini na dawa nyingine zisizofanana kabisa. Pengine herufi hazibadiliki. Jeni iliyolala huamka tu.

Sasa tuje kwenye istilahi. "Kinga" haifai, kwani humlinda mgonjwa, si uvimbe. "Ukinzani" walimu wa fizikia wameshautumia katika umeme, na hatuoni sababu ya kuwanyang'anya. Limebaki "usugu", ambalo wauguzi wanalijua tangu enzi za klorokwini na vimelea vya malaria. Nalo lina mitego. Sugu ya kisigino huletwa na kusuguliwa, na picha hiyo huturudisha kwenye mazoea. Tena "ugonjwa sugu" ni ugonjwa wa muda mrefu: lukemia tuliyoitaja wengine huiita "lukemia sugu", hata kama inasikia dawa vizuri. Na "usugu wa dawa" husomeka kana kwamba dawa ndiyo iliyo sugu.

Tunapendekeza basi: "usugu wa seli dhidi ya dawa", "seli sugu", wala si "mgonjwa sugu", na kwa ugonjwa usioisha upesi, "wa muda mrefu". Sentensi ya kijitabu tumeirudisha hivi: "Dawa imeua seli nyingi za saratani, lakini zimebaki seli sugu ambazo dawa hii haiziui. Usiruke dozi wala usiache dawa kwa uamuzi wako. Mwulize daktari kama iko dawa nyingine."