Siku Mbili Prague: Uliza Utapewa Ngapi Kabla Hujatoa Noti

Kazi imekupeleka Ulaya na umebakisha wikendi moja kabla ya kurudi nyumbani. Uende wapi bila kumaliza akiba? Sisi tulikuwa wawili, tumetoka kwenye mkutano Berlin, tukapanda treni ya asubuhi hadi Prague, mji mkuu wa Ucheki. Ni safari ya saa nne na kitu. Mji ulitufurahisha sana. Pesa ndizo zilitufunza adabu.

Tulivyopoteza KSh 4,000 kwa dakika mbili

Ucheki iko ndani ya Umoja wa Ulaya lakini haitumii euro. Pesa zao ni koruna. Sisi tulifika na euro za noti, na karibu na uwanja wa mji wa kale tukaona kibanda cha kubadilisha pesa chenye bango kubwa: komisheni 0%. Tukaona mambo ni hayo! Tukatoa euro 100, tukapewa koruna 1,800 na risiti.

Jioni ndiyo tukaangalia bei kwenye simu. Benki zilikuwa karibu koruna 25 kwa euro moja, yaani tungepata kama koruna 2,500. Koruna 700 zimeenda hivyo, takriban KSh 4,000. Na hakuna aliyetudanganya kuhusu komisheni. Ilikuwa sufuri kweli. Faida yao ilikuwa kwenye bei yenyewe, na sisi hatukuuliza bei.

Kilichotuuma zaidi tulikijua kesho yake. Tangu Aprili 2019, sheria ya Ucheki inamruhusu mteja aliyebadilisha pesa taslimu kwenye duka la namna hiyo kughairi ndani ya saa tatu, mradi kiasi hakizidi thamani ya euro 1,000. Unarudi na risiti, unarudishiwa pesa zako. Sisi risiti tulikuwa nayo. Muda ndio ulikuwa umepita.

Sasa fikiria unavyotuma pesa hapa nyumbani. Unaona kiasi na jina kwenye skrini, ndipo unaweka PIN. Jina likikaa vibaya, unaacha. Tabia hiyo hiyo ndiyo tulisahau kubeba.

Fanya hivi ukifika

1. Uliza swali moja tu. "Nikikupa euro 100, utanipa koruna ngapi mkononi?" Linganisha na bei ya siku hiyo kwenye simu yako kabla ya kutoa noti. Kuwa makini na bango: vibanda vingine huandika kwa herufi kubwa bei ya kuuza euro, na wewe unataka ile ya kununua. Vingine huonyesha bei nzuri inayopewa tu mwenye kubadilisha pesa nyingi.

2. Usibadilishe pesa na mtu wa barabarani. Atakuahidi bei tamu kuliko ya duka. Unaweza kuondoka na noti za nchi nyingine, au noti za zamani zisizonunua hata maji.

3. Ukilipa kwa kadi, chagua koruna. Mashine ya dukani au ATM inaweza kukuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi au kwa koruna. Shilingi inaonekana rahisi kwa sababu umeizoea, lakini hapo mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na mara nyingi ni ghali. Kwenye ATM, ukikataa bei yao muamala hauharibiki. Utapewa pesa zako kama kawaida. Soma pia ada ya kutoa pesa kabla ya kukubali.

4. Usiache laini yako nyumbani. Ukilipa mtandaoni, OTP inaweza kuja kwa SMS. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla hujapanda ndege, na uulize makato yake. Mtu akikupigia akitaka OTP au PIN, hata akijua jina lako lote, kata simu.

Na mji wenyewe?

Habari njema ni kwamba mengi mazuri ya Prague hayana kiingilio. Daraja la Charles, lililoanza kujengwa mwaka 1357 enzi za mfalme Charles wa Nne, unalivuka bure kati ya sanamu 30. Nenda alfajiri, kwa sababu ikifika saa nne asubuhi watu wamejaa kama soko la Gikomba. Saa ya nyota kwenye uwanja wa mji wa kale ilianza kufanya kazi mwaka 1410, na kila saa mchana sanamu za mitume hupita kwenye madirisha yake. Kuitazama ni bure pia.

Ngome ya Prague iko kilimani ng'ambo ya mto Vltava, na tramu namba 22 inakupeleka hadi karibu. Kutembea uani hulipi. Tiketi ni ya kuingia majengoni, likiwemo Kanisa Kuu la Mtakatifu Vitus, lililoanza kujengwa 1344 na kukamilika 1929. Tiketi ya karatasi ya tramu igonge muhuri kwenye mashine ya njano ukiianza, la sivyo wakaguzi watakupiga faini.

Kabla hujatoka Kenya

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifike euro 30,000. Weka hizo kwenye bajeti kwanza, ndipo utafute hoteli.

Sisi tutarudi Prague. Safari hiyo, kabla noti haijatoka mfukoni, tutauliza: ngapi mkononi?