Jon Dorenbos: alifiwa na mama akiwa na miaka 12, akadumu misimu 14 kwenye mpira wa Kimarekani

Kwenye viwanja vya Beni na Butembo, kipa hukumbukwa kwa goli alilofungwa kuliko kwa mipira yote aliyodaka. Mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, una mchezaji mwenye bahati mbaya kumzidi kipa. Anaitwa snapa. Akifanya kazi vizuri hakuna anayemtaja. Akikosea mara moja, timu nzima inaweza kushindwa.

Jon Dorenbos aliifanya kazi hiyo tangu 2003 hadi 2016, na jina lake likajulikana Marekani nzima.

Kazi ya sekunde moja

Snapa huinama na kuurusha mpira kwa nyuma, kupitia katikati ya miguu yake. Mwenzake anayengoja kuupiga mbali husimama karibu mita 14 nyuma yake. Mpira lazima umfikie mikononi kwa muda usiotimia sekunde moja, na hapo hapo wapinzani wanamvamia snapa. Ligi kuu ya NFL ina timu 32, na kwa kawaida kila timu ina snapa mmoja tu.

Trey Junkin aliujua uzito wa kazi hiyo. Januari 2003, akiwa na miaka 41, New York Giants walimwita siku chache kabla ya mechi na San Francisco 49ers. Katika nafasi ya mwisho mpira wake ulifika vibaya, na Giants wakashindwa 39 kwa 38. Alikuwa amecheza misimu 19, lakini wengi wanamkumbuka kwa mpira huo mmoja.

Nyumba iliyovunjika

Dorenbos alizaliwa Texas mwaka 1980 na kukulia karibu na mji wa Seattle. Agosti 1992, baba yake alimuua mama yake. Baba akafungwa gerezani. Jon na dada yake walipokelewa kwanza na familia nyingine, kisha jamaa zao wa California wakawalea.

Habari ya namna hiyo inaeleweka haraka Beni. Mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 yameacha watoto wengi mikononi mwa bibi, shangazi na majirani, na familia nyingine zikakimbilia Butembo.

Kilichomtuliza mtoto Jon kilikuwa karata. Alijifunza michezo ya kudanganya macho, ile ambayo watazamaji huona karata ikipotea na kutokea mahali pengine. Si uchawi: ni wepesi wa vidole unaotokana na kurudia jambo moja maelfu ya mara. Kazi ya snapa nayo hujengwa hivyo hivyo.

Mechi 162 bila kukosa

Alipomaliza chuo kikuu cha Texas huko El Paso, hakuna timu iliyomchagua kwenye zoezi la kila mwaka la kugawana wachezaji wapya. Buffalo Bills walimchukua hata hivyo mwaka 2003. Alipitia Tennessee Titans, na mwaka 2006 akafika Philadelphia Eagles. Hapo alicheza mechi 162 mfululizo, akaifikia rekodi ya klabu iliyowekwa na Harold Carmichael. Mara mbili alichaguliwa kucheza Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Desemba 2016 aliumia mkono, na mfululizo huo ukakatika.

Agosti 2017, Eagles walimpeleka New Orleans Saints. Madaktari wa timu mpya walimpima na kukuta mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni umevimba. Ungeweza kupasuka wakati wowote. Septemba alipasuliwa moyo, na kazi yake uwanjani ikaishia hapo. Kuhamishwa timu ndiko kulikookoa maisha yake.

Februari 2018 Eagles walishinda Super Bowl kwa kuwapiga New England Patriots 41 kwa 33. Dorenbos hakuwa amecheza hata mechi moja ya msimu huo, lakini mwenye klabu, Jeffrey Lurie, alimpa pete ya ubingwa kama wachezaji wengine.

Siku hizi anaishi kwa maonyesho ya karata na kwa kuzungumza mbele ya watu. Amesema hadharani kwamba alimsamehe baba yake. Lakini mahakama ilitangulia: baba alihukumiwa na kutumikia kifungo, na msamaha wa mwanawe ulikuja baada ya miaka mingi.