Kuhesabu kalori: Je, tarakimu zinatosha kupima mlo?

Wakazi wengi wa Ulaya siku hizi wanakula huku wakipiga hesabu. Lakini mjini Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya uliotunga sheria ya kuandika kalori kwenye pakiti, hesabu hiyo haiingii kirahisi katika chungu cha sombe.

Mtaa wa Matonge, katika manispaa ya Ixelles, uko mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu kutoka Bunge la Ulaya. Jina lake limetoka Kinshasa. Katika maduka ya barabara ya Chaussée de Wavre mteja anapata unga wa muhogo, makayabu, ndizi za kupika, mawese, na yale majani ya muhogo ambayo watu wa Kinshasa wanayaita pondu, wa Bukavu na Goma sombe, na Watanzania kisamvu.

Kwa mujibu wa kanuni nambari 1169 ya mwaka 2011, tangu tarehe 13 Desemba 2016 vyakula vingi vya pakiti vinalazimika kutaja nishati iliyomo katika kila gramu 100. Kipimo cha kulinganishia ni kalori 2,000 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida. Hata hivyo ndizi, majani mabichi na samaki wanaopimwa kwenye mizani mbele ya mteja hawaguswi na sharti hilo. Bia nayo, fahari ya Wabelgiji, ilisamehewa, ingawa gramu moja ya kilevi ina kalori 7! Mvinyo ulianza kubanwa Desemba 2023 tu.

Hesabu ina faida yake. Mmarekani Wilbur Atwater alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba gramu ya wanga au protini ina kalori 4 hivi, na ya mafuta 9. Kijiko kikubwa cha mawese, basi, kina kalori zipatazo 120, na mpishi anayemimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa anaweza kupitisha vijiko vitano bila kujua. Mtu anayekaa kitini kutwa Brussels hahitaji mafuta sawa na aliyekuwa akilima milimani Kivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 miongoni mwa Waghana ulikuta unene na kisukari vimeenea zaidi kwa wanaoishi Amsterdam, Berlin na London kuliko kwa ndugu zao wa vijijini.

Lakini kalori inapima nishati, basi. Muhogo unashibisha na una nishati tele, ila protini yake ni haba. Huko Lwiro, karibu na Bukavu, madaktari wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels walichunguza kwa miaka mingi utapiamlo wa watoto wa Kivu. Mtoto mwenye kwashiakoo anaweza kudhaniwa mnene, kwa jinsi uso na miguu ilivyovimba.

Nchini Marekani, Kevin Hall na wenzake waliwapa watu 20 vyakula vya viwandani kwa wiki mbili, na vya kawaida kwa wiki mbili nyingine, kila mtu akila atakavyo. Milo iliyowekwa mezani ililingana kwa kalori, sukari na mafuta. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kuwa penye vyakula vya viwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kwa siku.

Na wanaokula pamoja katika sahani moja, nani atahesabu matonge ya mwenzake? Wataalamu wanaonya pia kuwa kuhesabu kila tonge kunaweza kumzidishia hofu ya chakula mtu ambaye tayari anayo.

Ubelgiji ilikubali mwaka 2019 alama ya Nutri-Score, herufi A hadi E, inayotazama pia chumvi, sukari, nyuzinyuzi na protini. Ni ya hiari. Halmashauri ya Umoja wa Ulaya iliahidi mwaka 2020 kupendekeza alama moja ya lazima kwa nchi zote ifikapo mwisho wa 2022. Muda huo ulipita bila pendekezo, baada ya upinzani mkali, hasa wa Italia.