Mabingwa wa Upasuaji Wanaofundwa Nyumbani

Mama aliyekwama katika uchungu, kijana aliyevunjika mguu mfupa ukatokeza nje, mtoto aliyetoboka utumbo kwa homa ya matumbo: watatu hawa hawaponi kwa vidonge. Wanahitaji kisu, na wanakihitaji usiku huo huo. Mwaka 2015 tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wa bei wanayoimudu. Tume hiyo ilipendekeza kila watu 100,000 wawe na wataalamu wasiopungua 20, ukijumlisha wapasuaji, madaktari wa usingizi na wa uzazi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 katika nchi kumi za Afrika Mashariki, Kati na Kusini ilipata wapasuaji bingwa 1,690 tu. Hiyo ni sawa na bingwa mmoja kwa watu wapatao 190,000, na wengi wao wako mijini.

Watapatikanaje wengine? Kwa miaka mingi njia ya ubingwa ilipita ng'ambo, au katika vyuo vikuu vichache vya miji mikuu. Mwaka 1999 kikaanzishwa Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, ambacho ofisi zake ziko Arusha. Hakina kumbi za mihadhara wala mabweni. Madarasa yake ni wodi na vyumba vya upasuaji vya hospitali zilizokaguliwa na kuidhinishwa katika nchi wanachama, zikiwemo za misheni zilizo mbali na miji mikuu. Daktari anayesomea ubingwa wa upasuaji wa jumla hukaa miaka mitano akifanya kazi chini ya mkufunzi, akiandika kila upasuaji alioshiriki: alisaidia, alipasua akisimamiwa, au alipasua peke yake. Kisha watahiniwa wa nchi zote hukutana kwa mtihani mmoja.

Mpango huo si wa kubana matumizi tu. Unalingana na namna mkono wa binadamu unavyojifunza. Mwaka 2006 watafiti wa Canada walichapisha jaribio lililohusisha madaktari 38 walioanza kusomea upasuaji, wakifundishwa kuunganisha mishipa midogo ya damu. Wote walipata vipindi vinne vya namna moja. Kundi la kwanza lilivimaliza kwa siku moja. La pili lilipata kimoja kila wiki. Walipopimwa mwezi mmoja baadaye, wale wa kila wiki waliwashinda wenzao waziwazi. Ubongo huendelea kuiimarisha kazi ya mkono hata baada ya zoezi kwisha, usingizini pia, na ukinyimwa nafasi hiyo unapoteza sehemu ya ulichofundishwa.

Ndiyo maana sivutiwi sana na kambi za wiki moja ambapo wageni huja, hupasua wagonjwa wengi, kisha hupanda ndege. Wagonjwa wale hupona, na ni jambo jema. Lakini daktari kijana aliyekuwa akishika taa wiki nzima hubaki na kidogo. Anachohitaji ni mkufunzi aliye jirani yake mwaka mzima, na mazoezi ya mara kwa mara yasiyo ghali: uzi wa kufungia mafundo kwenye kitasa cha mlango, utumbo wa mbuzi kutoka buchani, na boksi lenye kamera ya simu kwa upasuaji wa matundu madogo.

Faida nyingine ya kufundwa nyumbani ni kujua kutumia kilichopo. Chukua ngiri. Tiba bora kwa mtu mzima ni kuziba penye udhaifu kwa kipande cha wavu maalumu, lakini wavu wa kiwandani uligharimu kama dola 125. Katika Hospitali ya Misheni ya Kamuli, mashariki mwa Uganda, wanaume 302 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wakawekewa wavu huo, nusu wakawekewa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kwa uangalifu, cha takriban dola 1. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu katika kundi la chandarua, na hakuna katika kundi jingine. Matatizo ya baada ya upasuaji hayakutofautiana kwa maana. Mpasuaji aliyezoea wavu wa dola 125 pekee angewarudisha wengi wa wanaume wale nyumbani bila tiba.

Husemwa kwamba ukimsomesha bingwa, atahama. Utafiti uliowafuatilia waliohitimu ubingwa katika ukanda huu kati ya 1974 na 2013 ulionyesha kwamba takriban asilimia 85 walikuwa bado katika nchi walikosomea, na asilimia 93 wako Afrika. Tatizo kubwa zaidi ni safari fupi, ya kutoka wilayani kwenda jijini.

Katika hili, Msumbiji ina la kutufundisha. Baada ya uhuru wa 1975 ilibaki na madaktari wachache mno, kisha vita vikaja. Mwaka 1984 ilianza kuwafundisha upasuaji wahudumu wa afya wenye uzoefu ambao hawakuwa madaktari. Mwaka 2002, katika hospitali za wilaya, hao ndio waliofanya asilimia 92 ya upasuaji mkubwa wa uzazi. Na watafiti walipowatafuta wahitimu miaka saba baada ya kupangiwa wilayani, asilimia 88 ya wapasuaji hao walikuwa bado huko, ilhali kati ya madaktari waliopelekwa wilayani hakusalia hata mmoja. Watu hawa wanastahili ngazi ya kupanda kazini, mshahara unaolingana na zamu zao za usiku, na bingwa wa kumpigia simu saa nane za usiku wanapokuta tumboni kitu wasichokitarajia.